Mkeo akishikwa na hofu ya ghafla

Kaka wa Mikindani, umeuliza ufanye nini mkeo anaposhikwa na hofu ya ghafla: moyo mbio, vidole ganzi, anasema anakufa, na majirani wanasema ni mashetani. Poleni sana nyote wawili.

Mdogo wangu alishikwa hivyo kwenye foleni ya kupima korosho. Nikamwambia, "Tulia, huna kitu." Nilikosea. Kitu anacho, na kinamtisha kweli. Mara ya pili nilikaa naye chini ya mkorosho, nikamhesabia taratibu: vuta pumzi hadi 4, toa hadi 6. Kiganja chake kilikuwa chapachapa kwa jasho, kikaanza kulegea mkononi mwangu. Hofu hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka. Mwambie hivyo kwa sauti ya chini, na watu wasimzonge.

Ila kwanza mpeleke hospitali ya Ligula, Mtwara, wampime moyo, damu na tezi la shingo, maana dalili hufanana. Akizimia, au maumivu ya kifua yakisambaa mkononi, msisubiri. Vipimo vikiwa salama, ombeni mtaalamu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo inasaidia sana. Na asiache kwenda sokoni kwa kuogopa hofu itarudi; mfuatane, hata kwa dakika 5.