Mwanao anaanza bweni Uingereza Januari? Anza na miguu yake

Wiki hii mama mmoja wa Mombasa ameniandikia. Kijana wake wa miaka tisa amepata nafasi katika shule ya maandalizi ya wavulana kusini mwa Uingereza, anaingia bwenini Januari, na ameshanunuliwa jaketi zito lenye manyoya. Anauliza kama limetosha.

Dada yangu, jaketi hilo litashinda limetundikwa. Watoto wa shule hizi, wa miaka 7 au 8 hadi 13, hawasimami nje kutazama theluji. Wanakimbia kwenye matope, wanaingia ndani kwenye joto, wanatoka tena. Kinachowamaliza ni kulowa na kukaa na unyevu, na unyevu huanzia miguuni. Pesa ya jaketi ingefaa iende huko.

Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza London saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 jioni. Mtoto anaamka gizani, na michezo hupangwa mchana ili wawahi mwanga. Shule nyingi humaliza raga Desemba, kisha muhula huu wa wiki kama 10 au 11 unakuwa wa soka au mpira wa magongo. Uwanja haukauki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo zidisheni orodha ya shule: wakisema jozi mbili za soksi za michezo, nunueni nne. Ziwe zenye sufu ndani yake, maana pamba tupu hunywa maji na kuyashikilia. Njumu zimtoshe akiwa amevaa soksi hiyo nene. Msimnunulie kubwa ili "akue nazo": kiatu kikubwa kinamchubua kisigino, na kidonda chenye matope hakiponi upesi. Kwa magongo aende na kinga ya meno na kinga za ugoko.

Sasa somo ambalo wazazi wengi hulipuuza: kukausha njumu. Mfundisheni nyumbani, kwa kiatu kilicholowa kweli. Agonge soli mbili pamoja akiwa nje, tope lidondoke. Afute ngozi kwa kitambaa chenye maji kidogo. Atoe kile kipande cha ndani kinachokanyagwa, akiegemeze pembeni. Ajaze gazeti lililokunjwakunjwa mpaka kwenye vidole, na baada ya saa moja alitoe aweke jingine kavu, kwa sababu la kwanza limeshalowa na sasa linahifadhi maji badala ya kuyavuta. Kisha kiatu kikae mahali penye hewa. Kosa la wavulana wote ni kukiweka juu ya kipasha joto cha ukutani. Asubuhi ngozi imekakamaa, imepasuka penye mkunjo, na gundi ya soli imeachia.

Miguu nayo haitaki kipasha joto. Mtoto anayerudi na vidole vya barafu akavibandika pale, mishipa midogo iliyokuwa imejikunyata inafunguka ghafla, na vidole vinavimba, vinawasha na kuungua. Kwenye ngozi nyeupe matroni, yaani mama anayetunza afya ya watoto bwenini, ataona wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, huenda pakawa peusi zaidi tu au pana rangi ya zambarau, na mtoto akaambiwa hana kitu. Mpeni maneno ya kusema: "Vidole vinawasha na vimevimba tangu jana." Apashe miguu polepole, aikaushe hadi katikati ya vidole, avae soksi zisizobana, asijikune. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili au tatu.

Ngozi ya mwili itapauka kwa hewa kavu ya bwenini. Vaselini ipakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Hapo ndipo pekee nausifu unyevu. Ushauri wa huduma ya afya ya taifa Uingereza, NHS, ni kwamba majira ya baridi watu wafikirie kutumia vitamini D maikrogramu 10 kila siku, na wenye ngozi nyeusi wafikirie hivyo mwaka mzima. Chupa akabidhiwe matroni ikiwa na lebo yake. Dawa haikai kwenye sanduku la mtoto, hata ya mafua.

Nywele: anyolewe siku mbili kabla ya safari, kwa sababu shule hizi mara nyingi ziko mashambani, na kinyozi anayezijua nywele zetu yuko mjini. Kinyozi wa pili apangwe kwenye mapumziko ya katikati ya muhula, Februari.

Lebo za majina zishonwe, za kubandika kwa pasi huachia katika mashine za dobi. Kwenye soksi, kunja lebo iwe kitanzi ushone ncha tu, la sivyo mpira wa soksi hautavutika. Vitafunio visiwe na korosho wala karanga, shule nyingi zimepiga marufuku njugu kwa sababu ya wenye mzio. Nyama na maziwa havipiti forodhani. Krispi za mihogo zitamfurahisha.

Mlezi wa Uingereza, yaani mtu mzima wa kusimama badala yenu huko, msimchague kwa heshima ya ukoo. Mchagueni anayepokea simu usiku na mwenye gari. Kirusi cha kutapika kikiingia bwenini, aliyeugua hakai na wenzake mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika au kuharisha mara ya mwisho, na shule inaweza kutaka achukuliwe. Mjomba mwenye cheo asiyepatikana hatawafaa siku hiyo. Mtoto naye ajue kuwa jeli ya mikono haikiui kirusi hicho vizuri. Ni sabuni na maji.

Kuhusu simu nitasema kwa mkazo, wazazi wenzangu: msimpigie anapokaribia kulala. Machozi ya saa hiyo hulala naye. Akimaliza prepu, yaani kazi za masomo za jioni, saa 12 jioni, kwenu ni saa 3 usiku, ongeeni hapo, dakika kumi zinatosha. Usimuulize kama anakukumbuka, maana anakukumbuka. Muulize vitu vyenye jibu: leo walicheza uwanja gani, nani kalala kitanda cha jirani, njumu ziko wapi sasa hivi. Akisema ziko juu ya kipasha joto, mwache akimbie akazitoe, wewe subiri kwenye laini.