Uzio wa nyumbani: swali la urefu liache mpaka mwisho

Mleta uzi, umeuliza uzio wa nyumbani unaruhusiwa kwenda juu kiasi gani, maana fundi wako kasema mita 2 na nusu hazina shida na anataka kuanza wiki ijayo. Mwambie asubiri. Mimi nilianza na swali hilohilo, nikajibiwa vizuri tu, na bado nilibomoa.

Urefu wangu ulikuwa halali. Kilichoniponza kilikuwa chini ya ardhi. Nyuma ya kiwanja palikuwa na ua wa michongoma ulioota miaka mingi kabla sijanunua, na mimi na jirani wote tuliuchukulia kuwa ndio mpaka. Fundi akavuta kamba akifuata michongoma. Ukuta ulipofika kozi ya 6 (mstari wa sita wa tofali), jirani akapata mteja wa kiwanja chake, mteja akaja na mpima. Mpima akafukua bikoni mbili, yaani zile alama za mpaka zinazozikwa kwenye kona za kiwanja, akavuta kamba yake. Kona moja tulikuwa sawa, kona ya pili nimeingia kwa jirani karibu sentimita 70. Hatukugombana, lakini mteja hakutaka kununua kiwanja chenye ukuta wa mtu ndani yake, na sikuweza kumlaumu.

Hata kwenye kona ile tuliyokuwa sawa, msingi ulikuwa umevuka. Hapa wengi tunaingia bila kujua. Ukuta wa tofali unaweza kuwa na upana wa sentimita 15, lakini zege la chini yake likatandazwa sentimita 45 au 60. Ukipanga tofali uso wake wa nje ukae juu ya mstari wa mpaka, na zege likatoka sawa pande zote mbili, basi sentimita 15 au zaidi za zege lako ziko kwa mwenzako. Ama usogee ndani, ama fundi anayejua kazi akutengenezee msingi unaotoka upande wako tu, ama mkubaliane ukuta uwe wa wote wawili. Mkikubaliana, andikeni na msaini. Jirani aliyekubali kwa mdomo siku akihama, yule anayeingia hajui mliongea nini.

Kwa hiyo cha kwanza ni ramani ya kiwanja na mpima. Cha pili, uliza kinachopita hapo: bomba la maji safi, la majitaka, nyaya za umeme, mtaro wa mvua, hifadhi ya barabara. Kiwanja kinaweza kuwa chako kwa hati na bado kukawa na ukanda ambao wenye bomba wana haki ya kuuchimba. Wakija kuchimba, ukuta ulioujenga juu yake kwa kawaida ni hasara yako. Maji ya mvua nayo usiyasahau. Ukuta usio na matundu chini, kwenye mteremko, unageuka bwawa. Yakirudi kwa jirani wa juu una kesi, na yakijaa upande mmoja yanausukuma ukuta wenyewe.

Baada ya hapo ndiyo uje kwenye urefu, na hapo usikubali kupewa namba moja. Sehemu nyingi mbele ya nyumba panaruhusiwa kimo kidogo kuliko ubavuni na nyuma. England, kwa mfano, bila kuomba kibali kwa kawaida unaishia mita 1 ukiwa kando ya barabara ya magari, na mita 2 kwingineko. Kwenu namba zinaweza kuwa tofauti kabisa. Uliza pia wanapima kuanzia wapi. Kama ardhi ina mteremko, ukuta wa mita 2 kwako unaweza kuwa mita 2 na nusu kwa jirani wa chini. Kama kiwanja ni cha kona, kuna kipande kile cha pembetatu ambacho mara nyingi hakitakiwi kuzibwa, ili dereva anayekata kona aone anayekuja. Geti lifungukie ndani. Seng'enge ya miba na nyaya za umeme juu ya ukuta mara nyingi zina masharti yake peke yake, na uzio wa wavu unaoonyesha ndani unaweza kuruhusiwa mahali ambapo ukuta mzima umekatazwa.

Na tafadhali usiniambie "mbona fulani kajenga mita 3". Ukuta wake unaweza kuwa umetangulia kabla ya sheria, au alipewa kibali maalumu, au bado hawajamfikia tu.

Ukienda ofisi ya mipango miji, beba ramani na mchoro wako hata wa mkono, wenye vipimo na aina ya uzio, na uombe jibu la maandishi. Jibu la dirishani halina saini. Kama mtaa wenu una kamati au masharti ya wamiliki, nao waulize, kwa sababu kibali cha manispaa hakifuti masharti uliyoyasaini wakati wa kununua.

Bikoni zikishapatikana, zipige picha kamba ikiwa imevutwa, kabla vifaa havijashushwa. Yangu moja, baada ya kazi yote ile ya mpima, ilifunikwa na lori la kokoto wiki ileile.