Safari ya kwanza kuvuka mpaka kwa ndege ndogo: anza na simu, ramani baadaye

Rubani akishapata leseni ya binafsi na saa kadhaa za kuruka bila mwalimu pembeni, haipiti muda kabla hajatamani kuvuka mpaka. Anafungua ramani, anapiga mstari, anahesabu maili. Nami nilianza hivyohivyo. Mstari ule ndio kazi nyepesi kuliko zote. Ndege haiujui mpaka. Wanaoujua ni watu wa kule unakokwenda, na katika kiwanja cha mkoa watu hao ni wachache, wana zamu zao, na wengine hawapo mpaka waitwe.

Kwa hiyo panga safari kuanzia mwisho, kisha urudi nyuma. Swali la kwanza ni kama kiwanja hicho kinapokea ndege kutoka nje. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga za kimataifa, unaipa kila nchi haki ya kutaka ndege inayoingia itue kwanza kwenye kiwanja chenye forodha. Kiwanja kinaweza kuwa na lami nzuri, mnara na taa, na bado kisiwe miongoni mwa hivyo. Vingi vya mikoani viko katikati: forodha na uhamiaji wapo kwa kuombwa, na ombi liwe limefika mapema. Muda wenyewe utaukuta katika AIP ya nchi hiyo, yaani kitabu rasmi cha taarifa za anga, kisha uhakikishe kwenye NOTAM za siku hiyo, yaani matangazo ya mabadiliko kwa marubani, kwamba haujabadilika.

Baada ya kusoma yote hayo, piga simu. Safari yangu ya kwanza niliandika barua pepe siku tatu kabla, sikujibiwa, nikajiambia kimya ni ridhaa. Tulipotua hapakuwa na ofisa wa uhamiaji hata mmoja. Mlinzi alitwambia kwa upole tusitoke nje ya uzio. Tulikaa chini ya bawa tangu adhuhuri mpaka jua likaanza kupoa, mimi na abiria wawili na chupa moja ya maji, na sikuwa na wa kumlaumu. Siku hizi naandika jina la aliyepokea simu na saa niliyopiga, halafu namwomba anithibitishie kwa maandishi. Siondoki bila hayo maandishi.

Katika simu hiyohiyo uliza mafuta, na uulize vizuri. Viwanja vya mikoa vinaishi kwa ndege za abiria za injini za turbini, ambazo hutumia Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Injini yako ya pistoni inataka avgas, yaani petroli ya ndege. Ukiuliza “Mna mafuta?” utajibiwa “Tunayo”, na jibu litakuwa la kweli kabisa. Uliza kama wana avgas ya aina ya 100LL, zimebaki lita ngapi, nani anauza, hadi saa ngapi, na analipwaje. Jibu likiwa na mashaka hata kidogo, chukua mafuta ya kwenda na kurudi, au tua njiani kujaza. Ukijaza matangi, rudia hesabu ya uzito: lita moja ya avgas ina takriban kilo 0.72, na ndege nyingi ndogo zenye viti vinne haziwezi kubeba watu wanne, mizigo na matangi yaliyojaa kwa pamoja.

Wakati wa kujaza simama penye tangi mwenyewe, hata kama mvua inanyesha. 100LL ni ya buluu. Jet A-1 haina rangi au ina umanjano hafifu. Ikiingia isiyo yako, injini inaweza kuwaka vizuri kwa avgas iliyobaki kwenye mirija, ukatembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, ukapaa, ndipo ikazima. Angalia kipimo pia. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ilifanywa kwa ratili badala ya kilo, na wale walikuwa marubani wazoefu.

Karatasi hazina ugumu, zinataka mpangilio tu: cheti cha usajili wa ndege, cheti cha kwamba iko salama kuruka, leseni yako, daftari la safari za ndege, leseni ya redio, na orodha ya abiria. Ongeza bima, na usome kama inaitaja nchi unayokwenda. Ndege ikiwa ya kukodi, beba barua ya mwenye ndege. Kuna jambo moja wengi hulisahau: leseni yako itolewe, au itambuliwe rasmi, na nchi ambako ndege imesajiliwa. Na kwa redio ya kimataifa unatakiwa uwe na angalau kiwango cha 4 cha ufasaha wa lugha. Lakini usidhani Kiingereza kitakufikisha kila mahali. Ufaransa, kwa mfano, kuna viwanja vidogo ambako redioni ni Kifaransa tu.

Mpango wa safari ya ndege, yaani fomu ya kuwaeleza waongozaji safari yako, ni lazima ukivuka mpaka, na saa zake zote ni za UTC, saa moja inayotumika dunia nzima. Sisi tunaohesabu saa tangu macheo tuna mtego wa ziada: saa nne ya asubuhi kinywani ni 1000 kwenye saa ya ukutani, na kwenye fomu ni namba nyingine kabisa. Mimi huvaa saa mbili mkononi, wanaonicheka na wacheke.

Ukivuka, huenda kipimo cha shinikizo la hewa unachoweka kwenye altimita, kifaa cha kuonyesha kimo, nacho kikabadilika, nchi moja ikitumia hektopaskali, nyingine inchi za zebaki. Rudia namba kwa mwongozaji, pamoja na kipimo chake. Kosa la hektopaskali 10 tu ni karibu futi 300, na ukikosea kwa kuweka namba ya juu kuliko iliyo sahihi, uko chini kuliko unavyosoma.

Halafu kuna kosa ambalo hutokea ukiwa umeshashuka, umefurahi, unapiga picha. Kwenye kiwanja chenye mnara, mpango wako kwa kawaida hufungwa na waongozaji, yaani wanaandika kwamba umefika. Pasipo mnara, kuufunga ni kazi yako. Ndege isipojulikana ilipo dakika 30 baada ya muda wa kufika, hatua ya kwanza ya tahadhari huanza, na zinazofuata ni za kukutafuta. Mimi nilikumbuka nikiwa kwenye teksi. Nilipopiga, yule wa upande wa pili alikuwa tayari na jina langu mbele yake, na hakunisalimu. Sasa naweka kengele ya simu ilie dakika kumi baada ya muda wangu wa kutua, na namba ya kupiga nimeibandika kwenye dashibodi.

Kurudi kuna taratibu zake zote upya: uhamiaji wa kutoka, mpango mpya, taarifa ya kuingia nyumbani. Uliza pia kiwanja kinafungwa saa ngapi, na kama nchi hiyo inaruhusu kuruka kwa macho, bila kutegemea vyombo, baada ya jua kuzama. Ukilala huko, beba kamba zako za kufungia ndege na vizuizi vya magurudumu, kwa sababu kiwanja kilichozoea ndege kubwa mara nyingi kina lami tupu, bila hata pete ya kufungia kamba.