Makanisa ya Cedar Rapids, Iowa: usisome kibao, uliza saa

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo matatu: ukihamia Cedar Rapids na familia, wewe Mlutheri wa KKKT utasali wapi, kama kuna ibada ya Kiswahili, na shemeji yako Mwislamu kama atapata msikiti. Wachangiaji wa juu wamekujibu "fungua ramani kwenye simu". Ramani itakupa makanisa mpaka uchoke, na ibada ya Kiswahili hutaiona humo. Mimi naishi hapa, nabeba boksi kama wenzangu, nimesali huku na kule. Vuta kiti.

Cedar Rapids ni mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Iowa, Marekani, una watu kama 137,000 tu. Kiwanda cha Quaker Oats kipo karibu kabisa na katikati ya mji, na upepo ukigeuka mtaa mzima unanukia uji. Kila watu waliokuja hapa walijijengea pa kusalia: Wacheki Wakatoliki wana St. Wenceslaus, Waorthodoksi wenye asili ya Siria na Lebanoni wana St. George, Wayahudi wana Temple Judah. Ukipenda majengo, pita St. Paul's ya Wamethodisti. Aliyepewa kazi ya kulichora ni Louis Sullivan, yule wa maghorofa ya Chicago. Gharama zikapanda, akajitoa, wengine wakapunguza nakshi zake, likakamilika 1914. Ndani viti vimezunguka nusu duara, hata aliyekaa nyuma kabisa anaona jasho la mhubiri. Nje mnara wake mimi naona unafanana na ofisi ya mkoa. Wamethodisti msinipige mawe.

Tuje kwako Mlutheri. Hapa Walutheri ni wa aina mbili kubwa, na kibaoni wote wameandika Lutheran. ELCA (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani) ndio wenye ushirikiano wa miaka mingi na KKKT. Wana wachungaji wanawake, liturujia utaifuata bila shida. Ila ujue mapema kwamba mwaka 2009 walipiga kura kuruhusu wachungaji walio kwenye mahusiano ya jinsia moja, jambo ambalo KKKT ililipinga waziwazi. Wa pili ni Missouri Synod (jina la dhehebu, wamejaa hata nje ya jimbo la Missouri). Hao ni wahafidhina, hawabariki wanawake kuwa wachungaji, na kwenye Meza ya Bwana mgeni hakaribishwi hivi hivi. Ongea na mchungaji kabla ya ibada, usije ukapiga magoti ukarukwa mbele za watu.

Kwa vyovyote utakavyochagua, ibada inachukua muda wa saa moja tu. Hakuna mnada wa kuku na mkungu wa ndizi, hakuna kwaya tano kupokezana, matangazo yamechapwa kwenye karatasi. Bahasha zipo, ingawa wengi siku hizi wanatoa sadaka kwa simu. Baada ya hapo ni kahawa, na siku za chakula cha pamoja kila familia inakuja na bakuli lake. Utaona jeli ya kijani ina vipande vya matunda ndani, wenyewe wanaiita saladi. Kula, usiulize. Ni watu wakarimu sana, lakini hawabishi hodi kwako bila miadi, na wewe usiwabishie.

Sasa Kiswahili. Wanaokisalia hapa wengi ni Wakongomani wa mashariki, na Warundi wapo. Baadhi wameletwa kama wakimbizi, na Catherine McAuley Center, taasisi iliyoanzishwa na masista wa Mercy, ni miongoni mwa waliowapokea. Wengine wamehamia wenyewe toka majimbo mengine wakifuata kazi za viwanda vya nyama na vyakula. Wengi wamepitia kambi ya Nyarugusu pale Kasulu, kwa hiyo usishangae ukakutana na mtu anayeijua Kigoma kuliko wewe. Watakuuliza "unatokaka wapi?", na ukijibu watacheka kwamba unaongea kama redio.

Makanisa yao mengi hayana jengo. Wamepanga kwa Wazungu. Washarika wa yale makanisa ya zamani wanazeeka na kupungua, na kupasha joto jengo kubwa wakati wa baridi si mchezo, hivyo kodi ya wapangaji inasaidia. Ndiyo maana nasema kibao cha nje kinakutajia mwenye nyumba tu. Anayesali humo saa nane mchana hajaandikwa.

Siku moja fika mapema ujionee. Saa saba na nusu, wenyewe wakiwa bado wanasuuza vikombe vya kahawa jikoni, gari linarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Zinashuka spika, kinanda, ngoma, halafu watoto, halafu masufuria yamefungwa vitenge yasimwagike. Kijana anapanda mbele, anasogeza mimbari pembeni, anatundika bango la kitambaa lenye jina la kanisa lao. Mahubiri ni Kiswahili, mkalimani anafuata kwa Kinyarwanda au Kirundi sentensi kwa sentensi, kwa hiyo neno la nusu saa linakuwa la saa nzima. Vijana waliokulia huku wamekaa nyuma wanachat kwa Kiingereza. Jioni bango linakunjwa, viti vinarudi kama vilivyokuwa, na mtu wa mwisho anasoma karatasi iliyobandikwa jikoni: zima jiko, toa taka, usiguse kidhibiti joto.

Ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba karibu wote umo kwenye karatasi hiyo. Joto, sauti ya spika, harufu ya samaki iliyong'ang'ania kwenye zulia. Hapo mimi siegemei upande wa Waafrika wenzangu moja kwa moja; anayelipa bili ya Januari ya Iowa ana haki ya kuulinda ukuta wake. Lakini kuna wenye nyumba wanaotaka kodi bila kutaka watu, wakisikia ngoma wanakunja sura, na mpangaji anabaki kubembeleza mpaka mkataba unaisha. Halafu kuna migawanyiko ya ndani: mchungaji na msaidizi wake wakikwaruzana, wiki mbili baadaye tuna makanisa mawili, moja limehamia ukumbi mwingine. Ndiyo sababu sikupi anwani hapa. Nenda duka lolote la vyakula vya Kiafrika, lile lenye unga wa muhogo na samaki wakavu, umuulize muuzaji. Atakutajia mahali, saa, na nani kagombana na nani.

Kwenye msiba hata hivyo nawavulia kofia. Taarifa ikiingia kwenye kundi la WhatsApp usiku, kesho yake nyumba ya mfiwa imejaa. Akina mama wanagawana chakula kwa zamu, mtu wa hesabu anaandika michango hadharani jina kwa jina, mwingine anayekijua Kiingereza vizuri anaenda na familia kwa watu wa mazishi ili wasiuziwe jeneza la bei wasilolihitaji. Hakuna anayeuliza wewe ni wa kanisa lipi. Nimeona mfiwa Mkatoliki akizikiwa na michango ya Wapentekoste watupu. Kwa sababu hiyo peke yake, hata kama moyo wako uko kwenye liturujia, jiandikishe kwenye hilo kundi la WhatsApp. Mimi asubuhi nawapeleka watoto shule ya Jumapili ya Walutheri, mchana nahamia kwa Kiswahili, na bosi wangu anajua Jumapili sichukui zamu ya mchana.

Shemeji yako yeye kaangukia pazuri kuliko sisi. Mji huu ndio wenye msikiti uliojengwa kuwa msikiti ambao ni wa zamani kuliko yote iliyobaki imesimama Marekani, unaitwa Mother Mosque of America, umefunguliwa Februari 1934. Usitegemee minara. Ni nyumba ndogo nyeupe ya mbao kwenye mtaa wa kawaida wa makazi, ina kuba la kijani juu ya mlango. Waliojenga ni wahamiaji wa eneo ambalo leo ni Lebanoni, wengi walianza kwa uchuuzi, wanatembeza bidhaa mashambani. Watu walipoongezeka wakajenga Islamic Center kubwa miaka ya 1970, jengo la zamani likauzwa, likapita mikono mingine, kwa muda likatumika hata kama kanisa, mpaka Waislamu waliponunua tena 1990 wakalikarabati. Kwa hiyo hili la kusali ndani ya kuta za wengine si letu peke yetu. Mafuriko ya Juni 2008, mto Cedar ulipopanda futi 31 na kuzamisha katikati ya mji, maji yaliingia chumba chake cha chini yakaharibu vitabu na kumbukumbu nyingi.

Ijumaa aende Islamic Center, huko ndiko jamaa wengi wanakoswali. Mother Mosque siku hizi ni nyumba ya historia zaidi, aende kutembea. Makaburi ya Waislamu yapo pia, tangu 1948, na yanahesabika kuwa ya kwanza nchini kutengwa kwa ajili yao. Na amtafute kwenye historia Abdallah Igram, kijana wa hapa hapa aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia, ambaye jeshini hakuruhusiwa kuandikisha Uislamu kwenye kibati cha utambulisho ambacho askari huvaa shingoni. Aliporudi akalivalia njuga, akamwandikia Rais Eisenhower.

La mwisho ni makaratasi. Chukua barua ya utambulisho toka usharika wako na vyeti vya ubatizo vya watoto, na barua waiandike kwa Kiingereza na muhuri, kwa sababu ukiwa huku kumpata katibu wa usharika kwa simu utajuta. Kama mtafika wakati wa Kwaresima, parokia za Kikatoliki zinauza samaki wa kukaanga Ijumaa jioni, na Juni wale wa St. Ludmila wana sikukuu ya kolache, vimkate vya Kicheki vyenye jamu katikati. Watoto watakusumbua mrudi.

Mabasi ya mji hayatembei Jumapili. Kama hujanunua gari, niandikie inbox Jumamosi kabla ya saa kumi na mbili jioni, uniambie mko wangapi na mna kiti cha mtoto au hamna.