Umbo la protini si ushahidi wa kazi yake

Swali: Nimepata jeni ya mmea ambayo protini yake ina marudio ya LRR (vipande vinavyojirudia vyenye leusini nyingi). AlphaFold, programu ya kutabiri umbo la protini, imenipa umbo safi lenye alama ya uhakika zaidi ya 90, na kanzidata inaiita "protini ya kinga dhidi ya magonjwa". Naweza kuandika hivyo kwenye tasnifu yangu?

Jibu: Usiandike. Swali hili huletwa kwangu kila mara, na kosa ni lile lile: alama ya 90 inachukuliwa kuwa imethibitisha kazi. Alama hiyo hueleza programu ina uhakika gani kuhusu mahali ilipoiweka kila asidi amino, yaani kila kijenzi cha protini. Kuhusu kazi haisemi lolote.

Lichukue rudio moja ulitazame. Lina asidi amino kama 24, na kiini chake ni LxxLxLxx, ambapo x ni asidi amino yoyote. Zile L, yaani leusini, zimeelekea ndani na ndizo zinazoshikilia umbo. Zile x nyingi zimeelekea nje, na ndizo zinazogusa molekuli ambayo protini huinasa. Sasa programu za kutafuta mfanano huvutwa na L, kwa kuwa ndizo zisizobadilika. Yaani zimekutambulia kiunzi tu! Tena marudio yanafanana mno, hata ulinganishaji wa mifuatano ya protini ukiteleza rudio zima bado alama hutoka nzuri.

Linganisha protini tatu za mimea. FLS2 ina marudio 28 na hunasa kipande cha flajelini, protini ya mkia wa bakteria. Hiyo ni kinga kweli. BRI1 ina 25, lakini yenyewe hupokea brasinosteroidi, homoni ya ukuaji, ikisaidiwa na kipande cha asidi amino kama 70 kilichojichomeka kati ya rudio la 21 na la 22. TIR1 ina 18, na hupokea auksini, homoni nyingine ya mmea, ndani ya seli. Zote ni LRR, zote zimejipinda, lakini kazi zao ni tofauti.

Wanaonikera ni wale wanaotangaza "uchambuzi kamili wa jeni" wa kubofya mara moja. Majina mengi ya kwenye kanzidata yaliwekwa na programu, ikiyanakili kutoka jeni nyingine ambayo nayo ilinakiliwa jina. Ukilinakili na wewe, mwakani mtu atainukuu tasnifu yako kama ushahidi, na hakuna aliyewahi kuugusa mmea wenyewe. Izime jeni hiyo, ambukiza mimea, linganisha na ile ambayo jeni yake iko hai. Kabla ya hapo andika: "protini yenye LRR, kazi haijathibitishwa". Mtahini makini hatakukata alama kwa sentensi hiyo.