Usimfiche mwenzako anayeharisha

Ndugu yangu, nimekuelewa: unasoma chuo hapa Kigoma, jioni unaanika dagaa ufukweni Kibirizi, mwenzako wa chumba anaharisha tangu usiku, nawe unaogopa kwamba mkitoa taarifa mtawekwa kambi ya kutenga wagonjwa wa kipindupindu na kibarua chako kiote nyasi.

Hofu hiyo naijua, kwa sababu mwaka 2015, kipindupindu kilipowakumba wakimbizi wa Burundi kule kijiji cha Kagunga, nilikuwa mpagazi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na nilificha tumbo langu siku nzima, hadi miguu ikakaza misuli nikashindwa kusimama.

Kinyesi kikifanana na maji yaliyooshea mchele, usingoje kupambazuke, maana ugonjwa huu huweza kuua ndani ya saa chache. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au mpeleke kituo cha karibu, huku akinywa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo hata kama anatapika. Mshauri wa wanafunzi aambiwe leo, kwani choo mnatumia wote.

Kuhusu kazi, sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, ilimradi awe na cheti cha daktari. Wewe wa kulipwa kwa siku, sikudanganyi, huenda usipate kitu. Mwombe mtu akushikie zamu. Ukianza kuharisha wewe mwenyewe, usiguse dagaa wa watu.