Jibu: Chakula cha Kusini mwa Marekani ukiwa Atlanta

Habari ndugu. Umeuliza ule wapi chakula halisi cha Kusini ukipita Atlanta kwa siku moja. Nenda Busy Bee Cafe, magharibi ya katikati ya jiji, karibu na vyuo. Ipo tangu 1947. Agiza kuku wa kukaanga: ngozi inalia mdomoni, nyama bado ina majimaji. Mkate wa mahindi uchovye kwenye mchuzi wa mboga za majani ziitwazo collard greens, ambazo ni ndugu wa sukuma wiki kabisa. Ila kama huli nguruwe, uliza kwanza, maana mara nyingi mboga hizo hupikwa na nyama yake ya moshi. Wahi kabla ya saa sita mchana. Foleni ikikushinda, jaribu Paschal's, mgahawa ambao kina Martin Luther King walikuwa wakikutana, ingawa sasa uko jengo jingine.